Jicho linaloona vizuri ndo wanataka kulipiga leza, nikubali?

"Habari za kazi daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Ubaruku, Mbarali, nina miaka 51, sukari huu ni mwaka wa 12 nipo nayo na presha pia ninayo. Kuanzia mwaka jana nikitunga uzi kwenye sindano nakosa tundu, nikajua ni mambo ya miwani tu. Nikaenda Mbeya mjini, yule wa miwani akaniambia mama hii sio ya miwani, nenda hospitali kubwa. Huko wakaniweka matone ya kupanua mboni wakaangalia, wakasema sukari imeharibu mishipa ya damu nyuma ya macho. Jicho la kushoto ndo lenye ukungu, wanasema katikati pamevimba, wanataka kunichoma sindano ndani ya jicho kila mwezi. La kulia naona vizuri kabisa, ila kuna nyuzi nyeusi kama utando wa buibui zinaelea elea, na hilo ndo wanataka kulipiga leza haraka. Sasa jicho zima linachomwa kwa nini? Jirani yangu alipigwa leza na leo haoni. Halafu miezi 6 iliyopita nilianzishiwa insulini, sukari sasa inacheza kwenye 7, mbona macho ndo yanazidi? Na kama ni lazima, si nichague sindano macho yote mawili niachane na leza? Nimesikia pia kuna upasuaji Dar. Niko njia panda, naomba unieleweshe."

Pole sana dada yangu, na asante kwa kueleza vizuri, maana wengi wananiambia tu "macho hayaoni" basi imeisha, wewe umetenganisha la kushoto na la kulia na hapo umenirahisishia kazi. Unaambiwa jicho lenye ukungu litibiwe pole pole kwa sindano halafu jicho linaloona ndo lichomwe haraka, kwa hesabu ya kawaida mtu anasema huyu daktari kachanganya macho. Hajachanganya. Kwa maelezo yako, jicho lililo kwenye hatari kubwa ni hilo hilo la kulia unaloliona zima, na kama ungekuwa dada yangu wa tumbo moja ningekushika mkono nikakupeleka leza wiki hii hii, mengine yote tungeyaongea tukiwa njiani kurudi.

Ngoja nieleze kwa nini, maana ukielewa kinachoendelea ndani hutababaishwa tena na maneno ya sokoni. Nyuma kabisa ya jicho kwa ndani kuna utando mwembamba sana unaitwa retina, ndo unaopokea picha na kuzituma kwenye ubongo. Katikati ya huo utando kuna sehemu ndogo mno inaitwa makula, hiyo ndo unayotungia uzi, unayosomea namba kwenye tepu yako ya kupimia, unayotambulia sura ya mteja. Eneo lote kubwa linalobaki kuzunguka hapo kazi yake ni kuona pembeni na kuona gizani. Na retina ina njaa ya hewa ya oksijeni kuliko karibu kila sehemu ya mwili, kwa hiyo damu ikipungua kidogo tu inaanza kulalamika.

Wewe uko Mbarali, mambo ya mifereji ya mpunga unayajua kuliko mimi. Chukulia mishipa ya damu ya jicho ndo mifereji. Sukari ikikaa juu miaka, na presha ikisukuma juu yake, kingo za mifereji midogo zinalegea. Zinatoka vivimbe vidogo vidogo, maji na mafuta ya damu yanaanza kuvujia pembeni, na kama uvujaji uko karibu na makula basi makula inalowa na kuvimba. Hilo ndo jicho lako la kushoto, ule ukungu ni maji yaliyokaa mahali pasipotakiwa maji. Linaudhi, linakunyima kazi, lakini kwa jinsi ulivyoeleza ugonjwa wake bado haujafika mbali.

La kulia tatizo ni lingine. Huko mifereji imeziba. Yale majaruba ya mbali, pembezoni kabisa mwa retina, hayapati tena maji, na retina ikikosa oksijeni haikai kimya, inatoa kemikali tunayoiita VEGF, ni kama mtu anayepiga yowe la kuomba maji. Mwili unaitikia yowe kwa kuchimba mifereji mipya ya dharura, mishipa mipya inaota juu juu ya retina, na hii ni mifereji iliyochimbwa usiku bila kingo, haifikishi maji yanapohitajika na inapasuka kwa sababu yoyote ile, hata umelala. Zile nyuzi nyeusi unazoziona zinaelea uwezekano mkubwa ni damu, mshipa mmoja umeshavuja kidogo ndani ya ule ute unaojaza jicho. Kwa hiyo jicho limeshatoa onyo la kwanza. Linaloweza kufuata ni moja kati ya mawili, ama damu nyingi imwagike siku moja jicho lizime ghafla kama umeme wa mgao, ama ile mishipa iote makovu, na kovu likikomaa hujikunja, likijikunja linavuta retina na kuibandua ukutani. Yote hayo bila maumivu hata kidogo. Unaona vizuri leo kwa sababu makula ya kulia bado haijaguswa, hicho tu. Kuona vizuri na kuwa salama kwenye ugonjwa huu ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwa kweli hapo ndo wagonjwa wetu wengi wanapopotelea, anasubiri mpaka aanze kuona giza ndo aje, na giza likija muda wa leza mara nyingi umeshapita.

Sasa leza. Leza kazi yake sio kuunguza jicho lote. Tunapiga vialama vidogo vidogo pembezoni tu, kwa kawaida kati ya 1,200 na 1,600 kwa jicho moja, mara nyingi kwa kugawa siku mbili au tatu, na makula hatuigusi. Yale majaruba ya pembeni yanayolia maji tunayafunga. Yakishafungwa hayalii tena, VEGF inashuka, na ile mifereji ya dharura kwa wiki kadhaa zinazofuata inanyauka yenyewe. Hii sio dawa ya majaribio. Marekani walifanya utafiti mkubwa wa zaidi ya wagonjwa 1,700, kila mgonjwa anapigwa leza jicho moja la pili linaachwa, na mwaka 1976 walipotangaza matokeo ilionekana leza imepunguza upofu mkali kwa zaidi ya nusu, mpaka ikabidi wabadilishe mpango wa utafiti ili hata yale macho yaliyoachwa, yenye hatari kubwa, nayo yaruhusiwe kutibiwa. Imepita karibu nusu karne na mpaka leo hiyo ndo ngao yetu.

Lakini nikufiche nini, leza ina gharama yake. Haikuongezei kuona, inalinda ulichonacho. Unaweza kupoteza kidogo uonaji wa pembeni, na usiku ukitoka kwenye mwanga kuingia gizani macho yatachukua muda kuzoea, hilo utaliona hasa umeme ukikatika. Wakati wa kupigwa utakaa kidevu kwenye mashine kama ile uliyopimiwa, unawekewa matone ya ganzi, unawekewa lenzi yenye ute ute juu ya jicho, halafu unaona mwanga unamulika mulika haraka haraka. Wengine hawasikii kitu, wengine wanasikia kama kuchomwa sindano kwa ndani au jino linavyouma, inategemea na sehemu inayopigwa, na ukishindwa kuvumilia sema pale pale, tunaweza kupumzika, kupunguza nguvu ama kukuchoma ganzi pembeni ya jicho. Usijikaze ukaogopa kurudi awamu ya pili, maana leza nusu ni kinga nusu. Ukitoka utaona ukungu kwa siku moja au mbili hivi. Nenda na mtu wa kukushika mkono, usiende peke yako halafu uanze kuhangaika na kosta pale stendi huoni vizuri.

Kuhusu jirani yako, simjui na faili lake sijaliona, lakini habari kama hiyo nimeikuta mara nyingi sana na karibu kila mara inaenda hivi: mtu amekuja amechelewa, mishipa mipya imeshajaa na makovu yameshaanza kuvuta, anapigwa leza, baada ya wiki tatu jicho linavuja damu anaacha kuona, basi mtaa mzima leza ndo imemtia upofu. Mishipa iliyokuwepo kabla haiondoki siku hiyo hiyo ya leza, inaweza kuvuja bado wakati inanyauka. Na tuwe wakweli upande wetu pia, kuna wakati sisi madaktari hatuelezi, mgonjwa anapigwa leza akitegemea ataona vizuri zaidi kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba leza hairudishi kuona, anatoka pale amekasirika na ana haki.

Uliuliza mbona sukari imeshuka na macho yanazidi. Swali zuri sana hilo na nakuomba sana usiligeuze kuwa sababu ya kuacha insulini. Kuna mambo mawili hapo. La kwanza, mishipa iliyoharibika kwa miaka 11 haitengemai kwa miezi 6, ule uharibifu wa zamani unaendelea kujitokeza kwa muda hata kama leo sukari ni nzuri. La pili, sukari iliyokuwa juu sana ikishushwa haraka, retina ambayo tayari ilikuwa mbovu inaweza kuzidi kuharibika kwa muda, mwaka wa kwanza hivi, hilo lipo na linajulikana, ndo maana mtu anayeanzishiwa insulini anatakiwa acheki macho kabla na baada. Ila ukivuka hicho kipindi faida ni kubwa mno. Utafiti wa Marekani na Canada uliotoka mwaka 1993, kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha waliobana sukari vizuri walipunguza uwezekano wa ugonjwa huu kuanza kwa asilimia 76, na kwa waliokuwa nao tayari kuendelea kulipungua kwa asilimia 54. Na presha usiisahau. Uingereza mwaka 1998, kwa watu wenye sukari ya ukubwani kama wewe, waliobana presha vizuri ugonjwa wa retina kuendelea kulipungua kwa karibu theluthi moja. Nawaona watu wengi wanaulizana sukari imesoma ngapi, presha hakuna anayeuliza. Kwa hiyo endelea na insulini yako, omba kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi 3, kile cha HbA1c, wengi tunalenga kama asilimia 7, maana ile 7 ya kidole ni ya dakika ile tu. Na uombe wapime figo kwa damu na mkojo, kwa sababu mishipa ya figo na ya jicho ni ndugu, ya jicho ikiharibika mara nyingi ya figo nayo ina jambo.

Tuje kwenye sindano. Najua neno lenyewe linatisha, sindano kwenye jicho, hata manesi wapya wanageuka pembeni. Kwa jinsi inavyofanyika sio unavyofikiria. Unalala, unawekewa ganzi, jicho linasafishwa kwa ile dawa ya kahawia ya ayodini, sindano nyembamba sana inapita kwenye sehemu nyeupe ya jicho, kama milimita 4 kutoka pale rangi nyeusi inapoishia, inaingia dawa kidogo mno, kitone tu, na kazi imeisha kwa sekunde. Wengi wanasema kilichowauma ni ile ayodini jioni. Dawa yenyewe inanyamazisha ile VEGF moja kwa moja, mishipa inaacha kuvuja, makula inakauka, na hapa tofauti na leza kuona kunaweza kurudi kiasi fulani. Kuna Avastin, Lucentis na Eylea. Avastin ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, madaktari wa macho wakaanza kuitumia kwenye jicho kuanzia mwaka 2005, na ni rahisi sana kwa bei ukilinganisha na hizo nyingine kwa sababu chupa moja inagawanywa sindano nyingi. Mwaka 2015 watafiti walizilinganisha zote tatu kwa uvimbe wa makula, kwa watu ambao kuona kulikuwa kumepungua kidogo zilifanya kazi sawa, kwa waliokuwa wameshapungukiwa sana Eylea ilikuwa mbele mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mtu akikwambia Avastin ni dawa ya kimaskini usimsikilize, nimeona makula nyingi zimekauka kwa Avastin.

Ugumu wa sindano ni mahudhurio. Dawa inaisha nguvu ndani ya wiki kadhaa. Kwenye utafiti huo huo mgonjwa wa kawaida alichomwa sindano 9 au 10 mwaka wa kwanza, mwaka wa pili zikapungua kama nusu. Hesabu mwenyewe nauli ya Ubaruku na Mbeya, siku za kazi ulizopoteza, na mtu wa kukusindikiza, mara 10. Hatari yake kubwa ni wadudu kuingia ndani ya jicho, ni nadra, chini ya sindano moja katika 1,000, lakini ikitokea ni dharura. Na kama uliwahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo miezi ya karibuni mwambie daktari kabla hajakuchoma.

Hapo ndo linakuja swali lako la mwisho, kwamba si bora sindano macho yote mawili. Kwa karatasi sio wazo baya. Mwaka huo huo wa 2015 Marekani walionyesha kwamba hata kwa jicho kama lako la kulia, lenye mishipa mipya, sindano za Lucentis kwa miaka miwili hazikuwa nyuma ya leza, na uonaji wa pembeni ulibaki vizuri zaidi. Lakini wale ni watu waliokuwa wanarudi kliniki. Mwaka 2019 watafiti huko huko wakaangalia wagonjwa waliopotea kliniki zaidi ya miezi 6, na wale waliokuwa wametibiwa kwa sindano peke yake walirudi na hali mbaya kuliko waliopigwa leza, retina zilizobanduliwa na makovu zilikuwa nyingi zaidi kwao. Sababu ni ile ile ya mifereji, sindano inaziba mdomo wa anayepiga yowe, dawa ikiisha anapiga yowe tena kwa nguvu zote, leza imeshafunga jaruba lenyewe.

Nina baba mmoja sitamsahau, alikuwa anatoka milimani huko upande wa Makete, jicho moja lenye mishipa mipya, leza aliikataa kabisa, akachomwa sindano tatu akaona vizuri mpaka akawa ananipigia simu kunishukuru. Ikaja mvua, barabara ikaharibika, halafu msimu wa viazi, halafu ada za watoto. Alirudi baada ya miezi 8 kashikwa mkono na mjukuu. Nilipoangalia ndani retina ilikuwa imevutwa kama kitambaa kilichoshonwa uzi ukakazwa sana mpaka kikajikunja, wewe fundi unaijua hiyo picha. Sikuwa na cha kumpa kwenye lile jicho. Tangu siku hiyo mgonjwa anayetoka mbali simuulizi kwanza anataka tiba gani, namuuliza Januari mpaka Aprili atakuwa wapi.

Na wewe nakuuliza hilo hilo. Kipindi cha kupandikiza mpunga Ubaruku kila mtu yuko majarubani na sare za shule nazo zinakusubiri kwenye cherehani, utaacha kwenda mara ngapi? Kwa maoni yangu, jicho la kulia lipigwe leza kamili, awamu zote, ndani ya wiki chache. Jicho la kushoto lianze sindano, na upange tangu sasa angalau miezi mitano ya kwanza bila kukosa, huwa tunaona mwelekeo hapo. Ukiona kabisa huwezi, mwambie daktari wazi, usinyamaze tu ukapotea, kwa sababu kuna njia nyingine za kati. Kuna leza nyepesi ya kuziba sehemu zinazovuja, inafaa zaidi kama uvimbe haujafika katikati kabisa. Kuna sindano za jamii ya steroidi ambazo zinadumu miezi kadhaa, ila zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho haraka, kwa hiyo zinahitaji kupimwa presha ya jicho mara kwa mara, hiyo sio presha ya mkono. Na kabla ya leza muulize daktari kama makula ya kulia nayo ina uvimbe hata kidogo, maana leza ya pembeni inaweza kuuzidisha kwa muda, na kama upo wanatanguliza sindano moja pale kwanza au wanafanya vyote pamoja.

Upasuaji kwa sasa sio wako. Ni wa jicho lililojaa damu isiyotaka kuondoka au retina iliyovutwa. Wanaingia kwa vitundu vidogo, wanatoa ule ute wenye damu, wanamenya makovu, wanapiga leza kutokea ndani. Unahitaji bingwa wa retina, kwa hiyo ni rufaa ya hospitali kubwa, kama za Dar es Salaam ama KCMC ya Moshi. Lakini niseme jambo moja ambalo watu wa huku kwetu wanatakiwa walijue na mara nyingi hawaambiwi. Mwisho wa upasuaji huo wakati mwingine wanajaza jicho kwa gesi ili ishikilie retina. Gesi ukipanda nayo mlima inatanuka. Dar iko usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu, na hata kama Ubaruku kwenu ni bondeni basi lako lazima lipande Kitonga, lipite Iringa, Mafinga, Makambako kwenye baridi kule juu ndo lishuke Usangu. Presha ya jicho inaweza kupanda njiani mpaka jicho likafa, na ndege ndo usiseme. Mtu mwenye gesi anatakiwa asubiri huko huko chini mpaka iishe, kuna ya wiki mbili tatu na kuna ya mpaka miezi miwili, au waweke mafuta ya silikoni ambayo hayatanuki. Siku yoyote wewe au ndugu yako akifanyiwa upasuaji wa retina Dar, kabla hajaruhusiwa mwambieni daktari kwa sauti: sisi tunarudi Mbeya, tunapanda milima.

Mengine haraka haraka. Kushona hakuharibu retina, shona tu ila mwanga uwe wa kutosha. Miwani mpya usinunue sasa, subiri makula ikauke kwanza. Hakuna matone yoyote ya dukani yanayotibu ugonjwa huu, na asali au maji ya majani usiweke, yataunguza kioo cha mbele cha jicho uwe na matatizo mawili. Karoti ni chakula kizuri, haifungui mshipa ulioziba. Wali wa kwenu usiuache, punguza kijiko tu. Kama una kadi ya bima ulizia dirisha la bima kabla ya siku yenyewe kama sindano ya jicho na leza vimo, usigundue ukiwa umeshawekewa ganzi. Na piga simu kabla ya kupanda kosta uhakikishe mashine ya leza siku hiyo inafanya kazi na daktari wake yupo, ukiambiwa mbovu mpaka haijulikani lini, omba rufaa siku hiyo hiyo, usikubali "urudi mwezi ujao" kwa jicho la kulia.

Usisubiri tarehe ya kliniki kama nyuzi nyeusi zitaongezeka ghafla kama masizi yanamwagika, au kivuli kama pazia kikashuka upande mmoja, au jicho likazima. Na baada ya sindano, jicho likianza kuuma zaidi siku ya pili, ya tatu mpaka ya tano badala ya kupoa, likawa jekundu na kuona kukapungua, hiyo ni siku hiyo hiyo hospitali hata kama ni Jumapili. Maumivu makali ya jicho pamoja na kichwa na kutapika vile vile.

Kuhusu uzi na sindano. La kushoto likiitikia dawa kuna nafasi nzuri utapata nafuu kwenye kazi za karibu, sikuahidi kama zamani. Kila Jumapili asubuhi tandika tepu yako mezani, ziba jicho moja kwa kiganja uangalie mistari, halafu ziba la pili. Mistari ikipinda au namba zikifutika katikati kuliko wiki iliyopita, andika tarehe kwenye daftari lako la vipimo vya wateja na uende nalo kliniki. Leza ya kulia ikishapigwa niandikie tarehe ya awamu ya pili, nitakukumbusha.